Mwanakondoo wa Maskini: Kejeli za Watawala na Wajibu wa Mwamini

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Turiani)



Ndugu wapendwa, viongozi wa halmashauri ya walei, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, akina mama wa WAWATA, na ninyi vijana mliokuja kwa wingi: tumeombwa kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana si la kanisani. Nalo ni michezo, katuni na filamu za kejeli zinazotufikia kwa njia ya televisheni, na siku hizi kwa njia ya simu za mkononi, ambamo mtawala huonyeshwa kuwa mpenda wanawake asiyetosheka. Wazazi wengine huona haya na kuzima chombo mbele ya watoto. Wengine hucheka hadi machozi, kisha wakaenda kulala. Sisi twaona kwamba namna zote mbili hazitoshi.

Twataka kusema jambo moja. Katika kejeli iliyo nzuri, uzinzi wa mtawala ni fumbo. Kinachozungumzwa si kitanda chake, bali ni amana aliyokabidhiwa na watu. Na yeyote anayelielewa fumbo hilo amekwisha kuitwa kutoa hukumu juu ya amana, kuanzia ile iliyo mikononi mwake mwenyewe.

1. Fumbo si jambo geni kwetu

Kusema ukweli kwa kuuzungusha si ustadi ulioletwa na televisheni. Sisi watu wa Morogoro tumelelewa ndani ya utani. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kutaja hadharani ubahili wa mwenye nyumba, uvivu wa wanawe, na madeni ambayo marehemu hakuyalipa. Hakuna anayemshitaki. Watu hucheka huku wakijua kwamba ni kweli, na mwenye kusemwa hujirekebisha bila ya kuvunjiwa heshima yake. Wazee wetu walijua kwamba ukweli mchungu huhitaji chombo cha kuubebea.

Katika fasihi chombo hicho huitwa istiara: hadithi nzima inayosimuliwa juu ya jambo moja ilhali inamaanisha jambo jingine. Wanafunzi wengi wa Tanzania walikutana nayo katika kitabu cha George Orwell, ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa jina la Shamba la Wanyama, kikatolewa mwaka 1967. Hakuna msomaji aliyedhani kwamba kitabu kile kilihusu ufugaji wa nguruwe.

2. Natani mbele ya Daudi

Waamini tuna mfano ulio mkubwa kuliko yote, nao umo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11 na ya 12. Mfalme Daudi, jeshi lake likiwa vitani, alimwona Batsheba, mke wa Uria, akatuma watu wamlete. Mwanamke alipopata mimba, mfalme alimwita Uria kutoka vitani ili mambo yafichike. Ilipokuwa haikufichika, alimpa Uria mwenyewe barua ya kupeleka kwa jemadari, na ndani ya barua hiyo mlikuwa na amri ya kumweka mahali pa kufia.

Natani alipokwenda ikulu hakuanza kwa kumwita mfalme mzinzi. Alimsimulia kisa cha tajiri mwenye makundi ya mifugo, na maskini mwenye mwanakondoo mmoja aliyemlea kama binti yake. Tajiri alipata mgeni, akaacha makundi yake, akamnyang'anya maskini yule mwanakondoo, akamchinja. Daudi akawaka hasira. Akasema mtu huyo anastahili kufa, na kwamba lazima alipe mara nne. Hapo ndipo nabii alipomwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Tuangalie vizuri jinsi fumbo hili lilivyojengwa. Dhambi ilikuwa ya uzinzi na mauaji. Natani aliisimulia kama wizi wa mali ya maskini. Watunzi wa kejeli wa siku zetu hufanya kinyume chake: dhambi ni wizi wa mali ya maskini, nao huisimulia kama uzinzi. Lakini njia zote mbili hukutana mahali pamoja, kwa sababu mzizi wa dhambi hizi ni mmoja. Mwenye nguvu ameona cha mnyonge, akakitamani, akakitwaa, kisha akatumia cheo chake kuficha alichokitenda. Aliyevunja kiapo cha ndoa na aliyevunja kiapo cha kazi wamefanana: kila mmoja alipewa kitu kwa kuaminiwa.

Tuangalie pia kwamba Daudi alihukumu kwa haki wakati alipodhani kwamba kisa kinamhusu mtu mwingine. Hiyo ndiyo nguvu ya fumbo. Humfanya msikilizaji aitamke sheria kwa kinywa chake mwenyewe kabla hajapata nafasi ya kujitetea.

3. Mchora katuni kutoka Dar es Salaam

Tuje sasa kwenye nchi zetu. Huko Kenya, mwaka 2009, kituo cha televisheni cha Citizen kilianza kuonyesha mchezo wa kejeli ulioitwa The XYZ Show. Wahusika wake walikuwa vikaragosi vya mpira vilivyofanana na viongozi wa nchi kwa sura na sauti. Nchi ile ilikuwa imetoka katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yaliyoua watu zaidi ya 1,000, na viongozi waliokuwa wakipigana sasa walikuwa wameketi katika serikali moja. Vikaragosi vile viliwauliza maswali ambayo wananchi walikuwa wakiyanong'ona.

Aliyebuni mchezo huo ni Mtanzania, Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye zaidi kwa jina la Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam. Alihamia Nairobi mwaka 1992 kuwa mchora katuni wa magazeti ya kampuni ya Nation. Mfano wa vikaragosi aliupata Ulaya, ambako Waingereza walikuwa na Spitting Image na Wafaransa Les Guignols de l'info.

Mwezi Januari 2015, katika gazeti la kila juma la The EastAfrican, Gado alichora katuni iliyomwonyesha Rais wa wakati huo wa Tanzania, Jakaya Kikwete, amejilaza akistareheshwa na wanawake. Wanawake wale walikuwa wamebeba majina ya maovu ya utawala, kama vile rushwa, upendeleo na uzembe. Mwezi huohuo Serikali ililipiga marufuku gazeti hilo nchini. Sababu iliyotolewa ni kwamba lilikuwa halijasajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, ingawa lilikuwa limeuzwa nchini kwa miaka ipatayo 20. Mwaka 2016 kazi ya Gado katika kampuni ya Nation ilikoma.

Tuisome katuni ile kama tulivyomsoma Natani. Haikusema neno juu ya nyumba ya Rais wala ndoa yake, nasi hatuna haki ya kulisema. Ilichukua picha ya mpenda anasa ili iulize swali la umma: utawala umelala na nani? Mtu anaweza kulipinga jibu la mchoraji. Anaweza kusema ni la uonevu, akaleta hoja na takwimu zake. Hiyo ndiyo njia ya watu walio huru. Lakini kulizuia gazeti hakujibu swali. Huliongezea tu wasikilizaji.

Wala tusisahau wakati wenyewe. Mwezi Novemba 2014 Bunge lilikuwa limejadili taarifa ya fedha zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizokuwa katika akaunti ya Tegeta Escrow, Benki Kuu. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, na mawaziri wawili wakapoteza nyadhifa zao. Na katika orodha ya waliotajwa bungeni kuwa walipokea fedha kutoka kwa mmoja wa wafanyabiashara waliohusika, walikuwamo pia viongozi wa dini. Twalisema hili kwa uchungu, wala si kwa nia ya kumhukumu mtu. Twalisema kwa sababu Kanisa haliwezi kuketi upande wa Natani peke yake. Kuna siku nasi tunaketi katika kiti cha Daudi.

4. Filamu iitwayo Xala

Kama twataka kuona fumbo la aina hii likiwa limekamilika, hatuna budi kwenda Senegal. Mwaka 1975 Ousmane Sembène alitengeneza filamu ya Xala kutokana na riwaya yake ya mwaka 1973. Neno hilo ni la Kiwolofu, na maana yake ni laana ya kumnyima mwanamume nguvu zake.

Filamu yaanza siku ya furaha. Wafanyabiashara Waafrika wawaondoa wakubwa wa Kifaransa katika Chama cha Wafanyabiashara. Muda si mrefu Wafaransa wanarudi wakiwa na mikoba. Ndani ya mikoba mna fedha, na wale wakombozi wanazipokea. Mmoja wao ni El Hadji Abdoukader Bèye, mwenye wake wawili, ambaye siku hiyohiyo anaoa mke wa tatu, msichana mwenye umri wa kuwa binti yake. Arusi ni ya kifahari, na zawadi ya bi arusi ni motokaa iliyofungwa utepe. Usiku ule bwana arusi anagundua kwamba amerogwa: hawezi kitu.

Sehemu kubwa ya filamu humwonyesha mtu huyu akihangaika kutoka kwa mganga mmoja hadi mwingine, huku biashara yake ikiporomoka. Watazamaji hucheka, na wanayo haki ya kucheka. Lakini mtunzi anaendelea kutuwekea mambo mengine mbele ya macho. Twajua kwamba El Hadji aliuza mchele uliokusudiwa kwa ajili ya wananchi ili agharimie arusi. Twaona ombaomba na vilema wakizolewa mjini na kutupwa mbali kwa sababu wanawachafulia wakubwa mandhari. Mwishoni ombaomba haohao wanaingia nyumbani kwake, na kipofu mmoja anasema kwamba ndiye aliyemtia laana. Ni kwa nini? Kwa sababu zamani El Hadji alighushi majina, akatwaa ardhi ya ukoo wao, na yule kipofu akatupwa gerezani.

Hapo fumbo lafunguka. Tulidhani tunatazama kisa cha mume aliyekosa nguvu. Kumbe ni kisa cha kundi zima la watawala wapya waliorithi viti vya wakoloni bila ya kuwa na uwezo wa kuzaa chochote. Tulidhani chanzo cha msiba ni arusi ya tatu. Kumbe ni shamba lililoibwa. Serikali ya Senegal ya wakati ule ilielewa vema, ikaamuru vipande kadhaa vya filamu vikatwe. Sembène akachapisha vikaratasi vilivyoeleza vipande vilivyokatwa, vikagawiwa kwa watazamaji.

5. Mambo matatu ya kuangalia

Kwanza, tuangalie ni nani anayeaibishwa. Katika hadithi nyingi za mtawala mzinzi, mwanamke hufanywa kuwa sura ya dhambi. Hata katuni ya mwaka 2015 iliyapa maovu miili ya wanawake. Manabii wenyewe, Hosea na Ezekieli, walitumia picha ya mwanamke asiye mwaminifu kuonyesha usaliti wa taifa zima, na picha hiyo imetumiwa vibaya na wanaume wa vizazi vingi. Natani hakufanya hivyo. Katika fumbo lake Batsheba ni mwanakondoo, aliyenyang'anywa. Katika Xala bi arusi karibu hasemi neno. Mapatano yamefanywa na wakubwa. Tukicheka, basi tusimcheke aliyenunuliwa.

Pili, tuangalie pale ambapo si fumbo tena. Mwalimu anayemwomba mwanafunzi mwili wake ili amfaulishe, au bwana mkubwa anayemwomba msichana jambo hilohilo kabla ya kumpa kazi, huyo hahitaji kufumbuliwa. Ni rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kadhalika kiongozi mwenye nyumba ndogo aghalabu huwa na bajeti ya nyumba ndogo, na wananchi wana haki ya kuuliza bajeti hiyo inatoka katika mfuko gani. Swali hilo ni la haki. Lakini kujua jina la mwanamke, sura yake, na saa aliyoonekana, hayo ni masengenyo. Umbea hutusahaulisha hesabu.

Tatu, tuangalie kicheko chetu. Kicheko chaweza kuwa mwanzo wa uhuru, maana mtu aliyemcheka mkubwa hamwogopi tena kama jana. Lakini chaweza pia kuwa dawa ya usingizi. Watu wakishacheka huona kama wamekwisha lipiza, na asubuhi mtawala huyohuyo huendelea na mambo yake. Daudi hakuokolewa kwa kusikia hadithi nzuri. Aliokolewa kwa sababu alikiri na kutubu. Na hata hivyo Uria hakufufuka, na nyumba yake mfalme haikupata amani.

6. Kwetu Turiani

Mtu atauliza: sisi tulio chini ya milima ya Nguru, Ikulu iko mbali, vikaragosi na wachora katuni wako Nairobi, fumbo hili latuhusu nini?

Latuhusu kwa sababu mwanakondoo wa maskini hapa petu anajulikana. Ni ekari mbili za mjane. Ni mpunga wa mkulima aliyelishiwa ng'ombe shambani, na ni ng'ombe wa mfugaji aliyekatwa kwa panga. Ni miwa ya mkulima mdogo inayokaukia shambani wakati akisubiri zamu ya kuvuna. Ni malisho na mashamba ambayo yaweza kugawiwa usiku kwa mgeni mwenye fedha, huku kijiji kikipata habari wakati mipaka imekwisha kuchimbwa. Panapotokea hayo, mwenye kutwaa si lazima awe mfalme. Aweza kuwa mwenyekiti wa kitongoji, au mjomba anayesimamia ardhi ya ukoo, au hata mweka hazina wa jumuiya yetu.

Sheria haikutuacha mikono mitupu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Sheria hiyo yataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na kati yao wasiopungua 3 wawe wanawake. Mkutano mkuu wa kijiji wapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Huo ndio ukumbi wetu wa Natani. Swali linaloulizwa pale kwa adabu na kwa sauti inayosikika, likaandikwa katika muhtasari, lina uzito kuliko mizaha mia inayotumwa kwa simu.

Twajua kwamba kuuliza kuna gharama. Yohane Mbatizaji alimwambia Herode kwamba haikuwa halali kwake kumchukua mke wa ndugu yake, naye akakatwa kichwa katika karamu. Kwa hiyo hatuwaambii ndugu zetu kwamba ukweli haudhuru. Twasema hivi: asiachwe mtu mmoja kuuliza peke yake. Natani alikwenda peke yake kwa sababu alikuwa nabii. Sisi tu jumuiya, twende pamoja. Mjane akiitwa barazani, waende na wenzake kumi wa jumuiya. Muhtasari ukipotea, wawepo watu kumi wanaokumbuka kilichoandikwa.

Na tuanze nyumbani kwetu. Taarifa ya mapato na matumizi ya kigango isomwe mbele ya waamini, tena kwa tarakimu. Kiongozi wa walei anayependa kuona katuni za mawaziri apende pia kuulizwa habari za michango ya ujenzi. Baba wa familia anayelaani ufisadi wa taifa ajiulize kama mkewe anajua bei aliyouzia mpunga. Tukiweza kuvumilia kusemwa sisi, maneno yetu kwa wakubwa yatakuwa na nguvu, kwa kuwa hayatatoka katika wivu.

Ndugu wapendwa, Mungu aliyemtuma Natani hakumtuma ili amwangamize Daudi. Alimtuma kwa sababu alimpenda mfalme, na alimpenda maskini. Atujalie nasi upendo huo wa pande mbili, na ujasiri wa kuutumia.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Someni 2 Samweli 12:1-15. Katika kijiji chetu, mwanakondoo wa maskini ni nini hasa? Nani anamlinda?

2. Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika lini mara ya mwisho? Je, taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa? Wangapi kati yetu walihudhuria?

3. Tunapotazama kejeli juu ya viongozi, ni nani tunayemcheka: aliyetwaa au aliyetwaliwa?

4. Je, kuna jambo katika uongozi wa jumuiya au kigango chetu ambalo hatupendi kuulizwa? Chagueni moja, na mpange siku ya kulieleza mbele ya waamini.